Mama Nguchiro na Marudio ya Tumbili

— Jamani, nimefika!
— Umekuja na nini?
— Nimekuja na ngano.
— Imeiva?
— Imeiva, na pilipili nimetia.
— Basi pakua, tuna njaa!

Napakua. Na nyinyi mliokaa nyuma msisukumane, chungu ni kikubwa.

Kilikuwa kiangazi. Sisemi kiangazi cha kujipepea na kulalamika. Nasema kiangazi cha mito kubaki mchanga, cha nyuki kunywa jasho la punda. Maji yalibaki mahali pamoja tu katika nchi yote ile, kwenye dimbwi la Bi Tembo.

Dimbwi lilikuwa lake kwa sababu yeye ndiye aliyelichimba, kwa pembe zake na miguu yake, enzi za ujana. Sasa alikuwa mzee. Macho yake yaliona vya karibu tu, na masikio yake, pamoja na ukubwa wote ule, yalisikia yaliyotaka. Alikaa nyuma ya vichaka vya miiba, hakumsumbua mtu, na hakuwa na amri nyingi. Alikuwa na moja:

"Kwenye maji yangu sitaki ugomvi. Mtoto atakayeanza kupiga mwenzake, ukoo wake utakunywa wa mwisho. Anayejibu hana kosa."

Basi. Hiyo ndiyo sheria, na kila mnyama aliijua.

Lakini nani anywe wa kwanza? Hilo Bi Tembo hakulisema, kwa hiyo wanyama wakajitungia wenyewe. Wakatunga mchezo wa mabua.

Mchezo wenyewe ni hivi. Watoto wawili wanasimama wakitazamana, kila mmoja ana bua la mtama mdomoni, ncha imechovywa kwenye majivu. Mwamuzi anauliza, "Tayari?" Watoto wanatikisa kichwa, maana mdomo umejaa bua. "Haya!" Hapo ni kacha-kacha-kacha, mabua yanagongana, mpaka bua la mmoja limguse mwenzake, tii! Alama nyeupe inabaki kwenye ngozi. Huo ni mguso. Anayetangulia kufikisha miguso mitano ameshinda, na ukoo wake unakunywa wa kwanza kiangazi kizima.

Mchezo mzuri kabisa. Ungekuwa mzuri zaidi kama wachezaji wasingekuwa na wazazi.

— Weee!
— Mnacheka? Subirini.

Tatizo ni kwamba mara nyingi mabua yote mawili hugusa kwa pamoja. Tii-tii! Huyu ana alama, na yule ana alama. Sasa mguso apewe nani? Kanuni inasema apewe aliyeanza kushambulia. Na nani alianza? Aa. Hapo ndipo jirani anapomgeukia jirani.

Kila mzazi uwanjani alikuwa na macho mawili, na macho yote mawili yalimwona mtoto wake akianza. Mama Ngiri, ambaye hajawahi kushika bua hata la kufukuzia nzi, aliweza kukueleza kanuni zote mpaka ukaomba ruhusa ya kwenda kulala. Mwanawe alitolewa raundi ya kwanza, na yeye bado alikuwa pale, mkia juu, akisimulia.

"Mwenzangu, mwanangu alidhulumiwa. Alianza. Mimi niliona. Alianza kabla hata hajaambiwa 'Haya'!"

"Si hilo ndilo kosa lenyewe?"

"Wewe hujui mchezo."

Mwamuzi alikuwa Korongo. Alichaguliwa kwa sababu anasimama kwa mguu mmoja, na mnyama anayesimama kwa mguu mmoja huonekana ana mawazo mazito. Naye alikuwa na maneno yake. Watoto wakigusana, alifumba macho, akapandisha bawa, akasema kwa sauti ya puani: "Shambulio kulia, kizuizi kushoto, jibu limechelewa, mguso kulia." Hakuna mzazi aliyeelewa, lakini wote walipinga.

Sasa tumlete mwenye nguvu. Huyu ni Mbogo, Baba Kishindo. Kifua kama mlango wa ghala, pembe kama zile za kwenye ndoto mbaya. Mbogo akipata haki ya kunywa wa kwanza, hanywi, anaingia! Analala dimbwini yeye na ukoo wake wote, wanajigeuza, wanakojoa humo humo, wanatoka jua likizama. Wanaowafuata wanakuta uji wa matope.

Kiangazi kilichotangulia Mbogo alishinda, na waliokunywa wa mwisho walikuwa wale wadogo kuliko wote, nguchiro. Mama Nguchiro alikuwa na watoto wachanga shimoni. Wakanywa uji ule. Wakaharisha. Kitinda mimba wake hakuinuka tena.

Mama Nguchiro hakupiga kelele. Alifukia shimo, akahamia shimo lingine, akazaa tena. Kisha akamtafutia binti yake mkubwa, Chiro, bua la mtama na kumwambia, "Cheza."

Chiro alikuwa na vipaji viwili. Cha kwanza, wepesi. Nguchiro huwarukia nyoka, ndama wa mbogo ni kitu gani? Cha pili ni kwamba hakujua kusema uongo, na kipaji hiki, kama mtakavyoona, kilikaribia kuua ukoo mzima kwa kiu.

— Endelea!
— Naendelea.

Ile michezo ya kiangazi kilichotangulia ilikuwa imeishia kwenye kurushiana vumbi na matusi, kwa hiyo Mbogo alikuja na jambo jipya. Alisimama mbele ya wazazi wote, akakohoa.

"Ndugu zangu, tuende na wakati. Macho ya mwamuzi ni macho tu. Tuweke marudio. Mapacha wa Tumbili watakaa kando ya uwanja. Tumbili anaona kila kitu na anaiga kila kitu. Mzazi asiporidhika anaomba marudio, mapacha wanaigiza tukio lilivyokuwa, polepole, wote tunaona. Marudio hayadanganyi!"

"Na kama hatukuridhika na marudio?" Mama Nguchiro aliuliza kutoka juu ya kichuguu. Alipanda kichuguu siku zote, ili asikanyagwe na ili aonekane.

"Marudio hayarudiwi!" alisema Mbogo. "Yakishasema, yamesema. Hiyo iwe kanuni."

Korongo akaona nafuu. Mzigo wake umepata mabega mengine. "Kanuni imepita," akasema, akabadilisha mguu.

Hakuna aliyekumbusha kwamba mapacha wale wa Tumbili walikula chakula cha mchana mgongoni kwa Mbogo. Kupe wake walikuwa wanene kama zabibu.

Michezo ikaanza. Marudio nayo yakaanza. Mnataka kujua yalivyokuwa?

— Tunataka!

Mzazi alipiga kelele, "Marudio!" Mapacha walishuka mgongoni kwa Mbogo, ta! ta!, wakasimama katikati. Mmoja akawa Kishindo, mwenzake akawa mtoto wa mtu mwingine. Halafu pooole... pooole... poooole... yule Kishindo wa uongo ananyoosha mkono, na yule mtoto wa mtu mwingine amesimama tu, mdomo wazi, kama anayesubiri kuitwa kwa daktari. Mkono unafika. Tiiiiii. Ndipo yule mwingine anashtuka na kujibu.

"Mmeona?" alisema Mbogo. "Mwanangu ndiye aliyeanza!"

"Marudio yamethibitisha," alisema Korongo. "Mguso, Kishindo."

Ikawa hivyo kwa mtoto wa Swala. Mwanangu ndiye aliyeanza! Marudio! Pooole, pooole. Mguso, Kishindo.

Ikawa hivyo kwa mtoto wa Pundamilia. Mwanangu ndiye aliyeanza! Marudio! Pooole, pooole. Mguso, Kishindo. Baba Pundamilia akasema angalau waangalie upande mwingine, yaani kutokea mkiani. Wakaangalia kutokea mkiani. Kishindo alianza vizuri zaidi.

Na Kishindo mwenyewe? Maskini ya Mungu. Alikuwa ndama mpole, mwenye usingizi, aliyependa bua zaidi kwa kulitafuna. Baada ya kila mguso alikuwa anageuka pembeni.

"Baba, naomba nikanywe maji."

"Utakunywa ukishinda. Inua kichwa! Anza! Mwana wangu huanza!"

Basi, ikafika fainali. Upande huu Kishindo, upande ule Chiro. Uwanja ulijaa. Hata wale ambao watoto wao hawachezi mabua walikuja, maana mahali penye wazazi wenye hasira hapahitaji ngoma.

"Tayari?"

Vichwa vikatikiswa.

"Haya!"

Kacha-kacha-kacha! Tii! Chiro kamgusa Kishindo gotini. Peke yake, hakuna wa kupinga. Kacha-kacha! Tii! Begani. Mama Ngiri akapiga kwato chini: "Mtoto huyo!" Kacha! Tii-tii! Wote wamegusana.

"Mwanangu ndiye aliyeanza!" alinguruma Mbogo.

"Mwanangu ndiye aliyeanza!" alipiga ukelele Mama Nguchiro, na msidhani alinyamaza kwa kuwa yeye ndiye shujaa wetu. Alikuwa mzazi kama wazazi wengine. Alirukaruka juu ya kichuguu, mkia umesimama kama ufagio. "Mwamuzi, una mdomo mrefu, macho umeyaweka wapi? Marudio!"

Pooole. Pooole. Mguso, Kishindo.

"Umetumia ombi lako, Mama Chiro," alisema Korongo. "Kila mzazi ombi moja."

"Na Baba Kishindo? Si ameshaomba leo mpaka mapacha wamepata vigimbi?"

Korongo aliangalia pembe za Mbogo, kisha akaangalia mawingu, ambayo hayakuwepo. "Hali ya Baba Kishindo ni... ni ya pekee," alisema.

Mchezo ukaenda hivyo. Chiro anagusa peke yake, anahesabiwa. Wanagusana pamoja, anahesabiwa Kishindo. Mpaka wakawa nne kwa nne, na umebaki mguso mmoja wa kuamua nani atakunywa maji na nani atakunywa matope.

Uwanja wote ukanyoosha shingo. Hata Mama Ngiri.

"Tayari?... Haya!"

Chiro aliruka. Aliruka wazi, mbele, kifua kwa kifua, na kila mtu alimwona, mpaka sisimizi waliokuwa kwenye shughuli zao walisimama. Kishindo, aliyekuwa akiwaza maji, alishtuka na kuinua kichwa. Tii-tii!

Alianza Chiro. Nawaambia ili mjue. Alianza Chiro, na hakuna mwenye macho aliyeona vingine.

"MWANANGU NDIYE ALIYEANZA!" alisema Mbogo. "Marudio!"

Mapacha wakashuka. Ta! Ta! Pooole, Kishindo wa uongo akanyoosha mkono. Pooole, Chiro wa uongo alikuwa amesimama, safari hii hata amefumba macho. Tiiiiii.

Uwanja ukaguna. Lakini kuguna ni kuguna tu. Korongo alianza kupandisha bawa, polepole, kama linauma.

Mama Nguchiro aliangalia lile bawa. Akaangalia shimo lake kule mbali, walikolala wachanga wake. Halafu akashusha mkia. Akashuka kichuguu. Akaenda mpaka mbele ya kwato za Mbogo, akasema kwa adabu, kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake:

"Baba Kishindo. Hongera."

Mbogo akashangaa. Alikuwa amejiandaa kwa matusi.

"Lakini sikia wanavyoguna," alisema Mama Nguchiro. "Utashinda, halafu kiangazi kizima watakusema. Mimi ningekuwa wewe nisingekubali. Ushindi mkubwa hivi unathibitishwa na mguu mmoja wa Korongo? Mwite mwenye maji. Mwite Bi Tembo, aje aulize mwenyewe nani alianza, umjibu mwenyewe, mapacha wamwonyeshe, yaishe. Bi Tembo akishasema, nani ataguna?"

Mbogo alitafuna wazo hilo. Akalimeza, likarudi, akalitafuna tena. Likawa tamu.

"Na kwa kuwa namwita mpaka mwenye maji," alisema, "sitaki neno la kiangazi hiki tu. Atakachoamua kiwe cha viangazi vyote. Vyote!"

"Vyote, Baba Kishindo? Hata vya wajukuu?"

"Hata vya vitukuu!"

"Jamani mmesikia?" Mama Nguchiro aligeukia uwanja. "Mwamuzi, umesikia?"

"Nimesikia," alisema Korongo, na bawa likashuka lenyewe kwa furaha. Hajapata kupenda uamuzi kama ule wa kuamuliwa na mwingine.

Mama Nguchiro akakimbia. Chwe-chwe-chwe, kwenye nyasi kavu, mpaka nyuma ya vichaka vya miiba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani huyo? Mbona sikuoni?"

"Niko huku chini, bibi. Karibu na ukucha."

"Oo, nguchiro. Wanao hawajambo?"

"Wanaendelea, bibi. Wale waliobaki."

Bi Tembo akashusha mkonga mpaka chini. "Kuna kelele gani huko dimbwini? Nilidhani ni radi."

"Bibi, mimi sipendi kusema watu. Lakini watoto wako kule na fimbo. Wana alama mwili mzima. Na wazazi wao wamesimama pembeni, badala ya kuwaachanisha, wanashangilia."

Je, alidanganya hapo? Tafuteni uongo, mkiupata mniambie.

"Fimbo?" alisema Bi Tembo. "Kwenye maji yangu?"

"Twende ukaone, bibi. Uulize mwenyewe."

Bi Tembo akainuka. Ndi! Ndi! Ndi! Vichaka vikapisha. Alipofika uwanjani, wanyama wote wakashusha vichwa. Akainama, akamkaribia Kishindo mpaka mkonga ukamgusa pua. Akaona alama. Akamkaribia Chiro. Akaona alama. Akaona mabua. Akajinyoosha, akauliza swali ambalo kila bibi duniani ameliuliza tangu watoto waumbwe:

"Nani kaanza?"

Mbogo alitoka mbele kifua wazi. Alisubiri swali hilo maisha yake yote.

"Mwanangu ndiye aliyeanza, bibi!"

Mama Ngiri alifungua mdomo, akaufunga. Kitu kilianza kumjia, lakini kilikuwa kinakuja polepole.

"Mwanao?" aliuliza Bi Tembo. "Una hakika, Mbogo?"

"Nina hakika! Na si mara hii tu. Leo ameanza na mtoto wa Swala, ameanza na mtoto wa Pundamilia, kila mmoja yeye ndiye aliyemwanza! Wote hawa mashahidi. Na kama huamini, bibi, tuna marudio. Mapacha! Mwonyesheni bibi!"

Mapacha wakashuka, ta! ta!, wakaigiza kwa ustadi ambao haujawahi kuonekana. Pooole, Kishindo wa uongo akapiga. Pooole, Chiro wa uongo, mnyonge, mdomo wazi, macho yamefumbwa, akapigwa. Kwa kuwa walikuwa na mgeni wa heshima, wakaongeza na machozi.

"Marudio yamethibitisha," alisema Korongo kwa mazoea.

Bi Tembo akavuta pumzi, na majani ya karibu yakaja pamoja na pumzi hiyo.

"Mbogo, mimi nina miaka mingi. Nimeona wazazi wakificha makosa ya watoto wao. Sijawahi kuona anayejivunia. Umesema kweli, na kwa ukweli wako nakushukuru. Sasa amri yangu unaijua. Mwanao kaanza. Ukoo wako utakunywa wa mwisho."

Mama Ngiri akakaa chini, kitu kile kimeshamfikia.

"Na huyu mdogo aliyepigwa amesimama," aliendelea Bi Tembo, "kwa pole yake, ukoo wake utakunywa wa kwanza."

"Kiangazi hiki, bibi?" aliuliza Mama Nguchiro kwa upole. "Maana Baba Kishindo mwenyewe aliomba utakachosema kiwe cha viangazi vyote. Hata vya vitukuu. Mwamuzi alisikia."

"Aliomba," alisema Korongo. Ilikuwa mara yake ya kwanza siku ile kusema jambo ambalo hakuna aliyelipinga.

"Basi viwe vyote," alisema Bi Tembo.

Hapo ndipo Mbogo alipozinduka.

"Bibi! Bibi, ngoja! Huu ni mchezo!"

"Mchezo?"

"Mchezo, bibi! Wa watoto!"

Bi Tembo akatazama huku na huku kwa macho yake ya karibu. "Mimi nimelea, Mbogo. Mchezo naujua. Watoto wakicheza hucheka. Toka asubuhi nasikia kelele zenu mpaka nyuma ya miiba. Niambieni, nani amecheka?"

Wazazi wakatazamana. Wakawatazama watoto. Watoto wakatazama chini.

"Lakini hakuanza!" alilia Mbogo. Sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa ile ya nyumbani. "Mwanangu hakuanza, bibi! Alikuwa amesimama tu! Mwanangu haanzi, mwanangu mpole, muulize mtu yeyote! Mapacha, rudieni! Rudieni vizuri!"

Mapacha walimtazama Mbogo. Wakamtazama Bi Tembo. Wakaupima mgongo wa Bi Tembo, upana wake, na kupe wanaoweza kuishi humo. Hawakurudia.

"Marudio hayarudiwi," alisema Korongo. "Kanuni ni yako mwenyewe."

Mbogo akamgeukia Mama Nguchiro. "Mama Chiro! Sema ukweli wewe! Si asubuhi nzima ulikuwa unapiga kelele kwamba mwanao ndiye anayeanza?"

"Mimi?" alisema Mama Nguchiro. "Baba Kishindo, mimi ni mzazi tu. Mzazi akiwa uwanjani anaona nini? Ndiyo maana tukaweka marudio. Marudio hayadanganyi."

Na ingeishia hapo, tungekula ukoko tukalale. Lakini nimewaambia Chiro hakujua kusema uongo. Bua lilikuwa limeshamtoka mdomoni. Alikuwa amevimba kama chura. Mguso bora wa maisha yake, mguso alioufanyia mazoezi mpaka meno yakalegea, walikuwa wanamgawia Kishindo, na sasa hata mama yake alikuwa anasaidia kugawa.

"Si kweli!" alipiga kelele. "Mimi ndiye nilianza!"

Mama Ngiri akashika moyo. Mbogo akasimamisha masikio. Bi Tembo akainamisha kichwa chake kikubwa.

"Mjukuu wangu anasemaje huko chini?"

Mama Nguchiro alikuwa ameshamfunika mdomo kwa mkia.

"Anasema ana kiu, bibi."

"Mpe maji basi, maskini. Mnangoja nini?"

Ndi! Ndi! Ndi! Bi Tembo akarudi miibani. Na mapacha wa Tumbili wakamfuata nyuma, kwa heshima.

Nguchiro wakashuka dimbwini wa kwanza. Wadogo wakabebwa kutoka shimoni, wakawekwa ukingoni, wakaingiza pua. Maji yalikuwa meupe, unaona mpaka chini, unaona hata kokoto. Wakanywa, wakapaliwa, wakanywa tena.

Chiro hakunywa. Alikaa kando, alama nyeupe bado kifuani.

"Mama."

"Naam."

"Wewe uliona?"

"Niliona."

"Kwani nani alianza?"

Mama Nguchiro akatazama nyuma, kulikokuwa na miiba. Akatazama mbele, kulikokuwa na foleni ndefu ya wanyama, na mwisho kabisa wa foleni pembe zilizoinama. Akamsogelea binti yake sikioni.

"Ulianza wewe, mwanangu. Ulianza vizuri, sijapata kuona. Sasa kunywa maji, na usimwambie mtu."

Chiro akanywa. Yalikuwa matamu, na hakuacha kununa.

— Na Kishindo je?
— Kishindo! Nilikuwa nimemsahau, kama baba yake.

Jioni ile Kishindo alimfuata Chiro nyuma ya kichuguu. "Ulianza wewe," alimwambia. "Mimi nilikuwa nawaza maji." Chiro akampa bua. Wakacheza wawili tu. Kacha-kacha, tii! "Umenipata." Tii! "Hapo nimekupata mimi." Tii-tii! "Sijui." "Hata mimi sijui, tuanze tena." Na wakacheka.

Sasa funzo. Ngano bila funzo ni kama mkutano wa wazazi bila mtu wa kusema "mimi nina dukuduku moja tu." Funzo la ngano hii ni hili: wazazi, nyamazeni uwanjani. Msiingilie michezo ya watoto wenu kama alivyofanya Mama Nguchiro, mmeona yaliyompata. Mwamuzi aheshimiwe, hata akiwa na mguu mmoja na woga wa miguu miwili. Marudio yaaminiwe, hasa kama mnajua yanakula wapi. Na kuhusu Chiro na Kishindo, tafadhali msiwaige kabisa. Walicheza bila mwamuzi, bila marudio, bila mzazi hata mmoja wa kuwaambia nani alianza. Mpaka leo haijulikani nani alishinda mchezo ule. Ni aibu.

— Chungu kimekauka!
— Ukoko je?
— Ukoko apewe aliyeanza kuomba.
— Mimi ndiye niliyeanza!
— Mwongo, mimi!
— Jamani, jamani... mwiteni Tumbili.